Mwarobaini uko Malindi, vipimo viko Ulaya

Msimu wa mwarobaini ukifika hapa Malindi, matunda ya manjano huanguka kila ua. Popo hula nyama yake na kutema kokwa, na asubuhi kokwa zote hufagiliwa jaani. Inaniuma, maana kokwa hizo zimewakosesha usingizi wanakemia hodari wa dunia.

Mwaka 1959, mtafiti Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona Sudan nzige wakimaliza kila jani bichi na kuuacha mwarobaini. Mwaka 1968, wanakemia Butterworth na Morgan wa Uingereza walizitoa kwenye mbegu chembechembe za azadiraktini, kemikali inayomkatisha mdudu hamu ya kula na kumvurugia kujivua gamba. Kulijua umbo lake kukachukua miaka mingine mingi. Kisha mwanakemia Steven Ley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakajaribu kuiunda kwa mikono, kutoka kemikali sahili. Wakafaulu mwaka 2007, baada ya miaka 22. Molekuli moja ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, na kuna sehemu 16 ambazo kila moja lazima ielekee upande wake. Moja ikigeuka, umepata kitu kingine kabisa.

Hata hivyo, azadiraktini inayouzwa madukani kama dawa ya wadudu bado inatoka kwenye mbegu. Usanisi wake, yaani kuiunda maabara, ni mrefu mno kuwa biashara. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kituo cha utafiti cha John Innes Centre, Uingereza, walitangaza vimeng'enya 22, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya mmea, kutoka michungwa na mti wa ukoo wa mwarobaini. Walipozihamishia jeni za vimeng'enya hivyo kwenye mmea wa jamii ya tumbaku, mmea huo ukatengeneza azadironi, ndugu sahili wa azadiraktini. Wenzetu wanakaribia kuuiga mti wenyewe.

Na sisi? Mwanafunzi wa sekondari anakariri methani, ethani, propani, na mwarobaini unampa kivuli dirishani bila kutajwa hata siku moja.

Hasara iko shambani pia. Mama anatwanga mbegu, analoweka usiku kucha, anachuja kwa kitambaa na kunyunyizia mahindi yenye viwavijeshi. Viwavi havifi, naye anasema mwarobaini ni uongo. Kumbe mbegu alizianika juu ya bati, na jua kali huiharibu azadiraktini. Zinatakiwa kukaushwa kivulini, kwenye mkeka, penye upepo, na dawa inyunyiziwe jioni. Isitoshe, nguvu ya mbegu hutofautiana mti kwa mti, na hakuna anayempimia.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu. Naiomba serikali ya kaunti iwalipie wanafunzi wa kemia pale wazipime mbegu za kila wadi, kila msimu, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za kilimo, kwa Kiswahili, kabla mvua za masika hazijaanza.