Kitrekta Hakina Shida ya Injini

Ukikipeleka kitrekta cha zamani kwa mafundi wa Nairobi, kabla hujazima wameshaamua: injini itoke. Mmoja wa Kariobangi alinishauri nitie mashine ya Kichina ya nguvu farasi 13, zile za kusukumia maji. Mwenzake, natumaini alikuwa akitania, akasema nitafute ya gari la Probox. Hapa mjini tunapenda nguvu. Kitu kikishindwa kupanda mlima, tunaongeza injini. Kikishindwa kulima, tunaongeza injini.

Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Kitrekta changu ni Cub Cadet cha International Harvester, cha mwishoni mwa miaka ya 1960. Wamarekani walitengenezewa vitrekta hivi ili wakate nyasi na kusukuma theluji nyumbani kwao. Kina injini ya Kohler ya silinda moja, nguvu farasi 12, bloku ya chuma. Mimi nakitumia kulima wikendi, kwa raha zangu tu. Wanaoniuliza kwa nini nisikodi trekta kubwa limalize shamba la binamu yangu kule Karen kabla ya chai ya saa nne wana hoja nzuri, ila wangemuuliza pia mtu wa gofu kwa nini asiubebe mpira mkononi akautumbukize shimoni.

Tuje kwenye hesabu. Plau ya inchi 10 ikizama sentimita 15, inakata na kupindua udongo wenye eneo la sentimita mraba 380 hivi. Kwenye udongo mwekundu wa Karen, ukiwa na unyevu wa kadiri, plau hiyo inataka mvuto unaokaribia uzito wa kilo 200. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, kazi hiyo haifiki nguvu farasi 3. Ondoa zinazopotea kwenye gia na kwenye magurudumu yanayoteleza. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya hewa nyepesi injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Bado 12 zinatosha na kubaki. Huo mwinuko unataka tu kabureta ipunguziwe petroli kidogo kwa kuikaza skrubu ya jeti kuu, basi.

Kinachokishinda kitrekta ni wepesi wake. Kina kilo 300 na kitu, na sehemu ya uzito huo iko mbele, ambako hausaidii kuvuta. Kwenye shamba, tairi husukuma kwa nguvu isiyozidi sana nusu ya uzito unaolikalia. Kwa hiyo ili uvute kilo 200, unataka kama kilo 400 juu ya magurudumu mawili ya nyuma, na mwili wako umo humo. Ukitia injini ya 20 bila kuongeza uzito, utachimba tu mashimo mawili kwa kasi zaidi.

Uzito ni rahisi kupata. Cha kwanza ni maji. Wamarekani hutia maji ya chumvi ya kalsiamu ndani ya matairi ili yasigande wakati wa baridi, na chumvi hiyo huja kuzila rimu. Sisi hatuna shida hiyo. Unainua gurudumu, unazungusha mpaka valvu iwe juu, unatoa kichwa chake, unajaza maji ya bomba mpaka yafike usawa wa valvu, kisha unamalizia kwa upepo. Tairi la nyuma la ukubwa huu linameza lita 30 hivi, nazo ni kilo 30. Tia na tyubu ndani, rimu isipate kutu.

Cha pili ni vyuma vya kufunga kwenye rimu. Vya asili kuviagiza Marekani ni wazimu, maana utalipia usafiri wa chuma kwa kilo. Lakini mtaa gani Nairobi hauna jimu ambako vijana wananyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa saruji? Ufundi ni huohuo: sahani ya zege, nondo ndani, bolti ndefu katikati. Ukitaka chuma kabisa, nunua kwa mwenye leseni na upewe risiti. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya watu kuhujumu nguzo za umeme, na hutaki kuulizwa chuma chako kilitoka wapi.

Wengi hufunga uzito sawa pande zote mbili, na hapo mimi natofautiana nao. Unapolima, gurudumu la kulia hutembea ndani ya mtaro wa raundi iliyopita, la kushoto linabaki juu. Kitrekta kinalalia kulia, gurudumu la kushoto linabaki jepesi, na kwa kuwa difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, haina kufuli, hilo jepesi ndilo linalozunguka bure huku lenzake limesimama. Nimefunga kilo 45 kushoto na 25 kulia. Kikiwa kimeegeshwa kinaonekana kituko, lakini kikishika mtaro kinatulia.

Halafu matairi. Yale mapana ya nyasi, ya inchi 10 na nusu, hayaingii vizuri kwenye mtaro wa inchi 10. Yanapanda ukuta na kukisukuma kitrekta kando. Mimi natafuta ya pawatila, ile mashine ya kulimia unayoiongoza kwa mikono, saizi 6.00-12, membamba na yenye meno marefu. Rimu ni ya inchi 12 vilevile kwa kipenyo, ingawa nyembamba, hivyo itabidi katikati pachongwe upya ili bolti zikae.

Jambo moja halina mjadala: plau ivutwe kutoka chini ya ekseli ya nyuma. Ukiifunga juu ya ekseli, siku itakapogonga mzizi kitrekta kitainuka pua na kukulalia. Harry Ferguson, ambaye jina lake liko kwenye kila Massey Ferguson unayoiona barabarani kuelekea Narok, alijulikana kwa kulitatua hilo: mikono yake mitatu huufanya mvuto wa plau uyakandamize magurudumu ya nyuma, na mkono wa juu huizuia pua kuinuka.

Na kila nilichoongeza nimekifunga kwa bolti. Chesisi ya miaka zaidi ya 50 haichomelewi. Atakayekirithi akitaka kukirudisha kwenye nyasi, spana itamtosha.

Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya kulima yalifanyika hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Waamuzi wa mashindano hayo hupima mtaro wa kwanza, unyoofu, usawa wa matuta, na kama magugu yamefunikwa yote. Hakuna alama za injini. Wanaotaka kushindana kwa moshi wana haki yao, ila huo ni mchezo mwingine.

Kuhusu udongo mweusi wa Ruai, sitamdanganya mtu. Ukikauka ni jiwe, ukilowa unaganda kwenye plau mpaka haipindui tena, na katikati kuna siku chache tu za kulima. Rafiki yangu wa huko ameniita. Nimemwambia anipigie simu mvua za Oktoba zikianza, na plau nitaipandisha izame sentimita 10, si zaidi.