RAW kuipeleka HDR: lini inalipa na lini unajaza diski bure

Kuna ubishi umezuka kati yetu wapiga picha wa hapa Mbeya na nimeona niuandike vizuri maana unagusa kazi ninayoipenda. Juzi tulikaa studio moja pale Mwanjelwa, mvua inanyesha, umeme umekatika, kila mtu anabana chaji ya laptopu, kijana mmoja akasema yeye sa hivi kila RAW inayotoka kwenye kamera, yaani faili ghafi lenye namba za sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) jinsi zilivyo, anaigeuza kuwa EXR, aina nyingine ya faili la picha, halafu RAW anafuta, kwa sababu EXR ni HDR (High Dynamic Range, picha yenye uwanja mpana wa mwanga) na HDR inabeba mwanga mwingi kuliko RAW. Mzee wetu mmoja aliyeanza kazi enzi za filamu akamjibu mwanangu unapoteza muda, wateja wako wote wanaangalia picha kwenye simu, nani ataiona hiyo HDR. Wakavutana mpaka umeme ukarudi. Mi nilikuwa nawasikiliza tu, na kwa kweli wote wawili wana hoja, ila kuna mahali kila mmoja kaniacha njiani.

Kwanza tukubaliane tunaongelea nini, maana neno HDR limechafuka. Wengi wakisikia HDR wanakumbuka zile picha za miaka ile, mawingu meusi kama moshi wa tairi, kila jengo lina mwanga mweupe pembeni, sura ya mtu kama kapakwa masizi. Ile siyo fomati ya HDR, ile ni JPEG ya kawaida ambayo mwanga wake umefinywa kwa nguvu ili uingie kwenye skrini ndogo. Fomati ya HDR ni faili linalohifadhi mwanga wenyewe kwa namba zenye desimali, bila kusema nyeupe ndo mwisho. Nyeupe ya karatasi ikiwa 1, taa inaweza kuwa 20, jua linaloakisi kwenye bati likawa 300, na faili linazibeba zote. Kuna ile ya zamani ya Radiance aliyoitengeneza Greg Ward, kuna OpenEXR iliyotoka kwa watu wa sinema wa Industrial Light & Magic na kuachiwa bure kwa kila mtu mwaka 2003, kuna DNG (faili la RAW la Adobe) yenye namba za desimali, na siku hizi AVIF na JPEG XL nazo zinaweza kubeba HDR, ingawa AVIF inatumia namba nzima siyo desimali.

Sasa hoja ya kijana. Kwenye karatasi anaonekana yuko sahihi, JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, halafu EXR ya biti 16 inakupa ngazi 1,024 kwa kila stopu moja ya mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili ya iliyo chini yake) na ina nafasi ya stopu kama 30. Ukiangalia namba hizo tu utasema EXR imeishinda RAW mbali. Lakini nafasi na kilichomo ni vitu viwili. Chukua kilo tano za mchele wa Kyela uzihamishie kwenye gunia la kilo mia, gunia ni kubwa kweli, ila ukipima bado ni kilo tano.

Niwape mfano wa karibu kabisa. Harusi moja kule Tukuyu, bibi arusi kasimama mlangoni pa kanisa, jua limetoka ghafla baada ya mvua, gauni jeupe lina lesi mikononi, bwana arusi kavaa suti nyeusi na nusu ya mwili iko kivulini. Nilipofungua RAW, lesi ya mkono wa kulia ilikuwa imeungua, yaani namba zote zimegonga juu kabisa, nyekundu, kijani, bluu, zote ukutani. Hapo hata uipeleke EXR, uipeleke Radiance, ile lesi hairudi kwa sababu sensa yenyewe haikuiandika. Na chini kwenye suti nako kuna tatizo lake ambalo watu hawalisemi. Kwenye RAW, ngazi hazigawanywi sawa, ile stopu ya juu kabisa inachukua nusu nzima, ngazi 8,192, inayofuata 4,096, inayofuata 2,048, unashuka hivyo hivyo mpaka stopu ya nane kutoka juu umebakiwa na ngazi 64. Kola ya suti ilikuwa huko huko chini. Ukiigeuza kuwa EXR unapata nafasi 1,024 za kuweka vitu 64, zilizobaki hazina kitu, halafu noizi, zile chenga chenga za kwenye picha, iliyokuwa kwenye kivuli inakuja nayo vile vile.

Kuna jambo la pili ndo linaniuma zaidi, kufuta RAW. Sensa nyingi za kamera zetu kila pikseli inaona rangi moja tu, ama nyekundu, ama kijani, ama bluu. Programu ndo inakisia mbili zilizobaki kwa kuangalia majirani. Kwa hiyo ukishageuza kuwa EXR, theluthi mbili ya namba zilizomo ni makisio ya programu ya siku hiyo. Sasa programu zinazidi kuwa nzuri kila mwaka, hasa kwenye kuondoa noizi, na nyingi kati ya hizo mpya zinafanya kazi vizuri zaidi zikipewa RAW yenyewe kabla ya makisio. Nina picha za maua ya Kitulo nilizopiga asubuhi na ukungu, mwanga hamna, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka zikajaa chenga. Wakati ule nilizikatia tamaa. Mwaka jana nimezifungua upya na programu mpya, zikatoka safi mpaka unaona unyevu kwenye petali. Ningekuwa nimezigeuza na kufuta RAW ningekuwa nimezipigilia msumari na chenga zake.

Na uzito je? Kamera ya megapikseli 24, RAW iliyobanwa inakuwa kwenye MB 25 au 30. EXR ya biti 16 yenye rangi tatu ni MB 144 kabla ya kubanwa, ya biti 32 ni MB 288. Harusi ya picha 1,500 kwa RAW ni kama GB 40, kwa EXR unaongelea GB 216, hata ukiibana bila kupoteza kitu bado ni mzigo. Hizo ni hard diski za kununua, na unajua bei zake.

Mpaka hapa mzee anaweza kusema si nilisema. Lakini ngoja kwanza.

Nilienda Isimila, pale Iringa kwenye zile nguzo za udongo, nikafika saa tano asubuhi ambayo ni saa mbaya kabisa, jua linapiga vichwa vya nguzo vinang'aa kama vimepakwa chokaa, chini kwenye korongo kivuli kizito, na ukuta wenyewe una mistari ya tabaka za udongo ambayo ndo sababu ya mtu kwenda pale. Eksposha moja, yaani kupiga mara moja kwa kiasi kimoja cha mwanga, haitoshi. Ukiokoa vichwa, tabaka zinazama gizani, ukiziinua kwenye kompyuta zinakuja na chenga. Nikaweka tripodi, nikapiga tatu, moja ya kawaida, moja chini stopu mbili, moja juu stopu mbili. Ile ya juu imeingiza mwanga mara nne kwenye korongo, kwa hiyo ile mistari ya udongo imeandikwa kwa ngazi nyingi siyo kwa mabaki. Ile ya chini imeokoa vichwa. Hizo tatu ukiziunganisha hamna RAW moja ya kamera yangu inayoweza kuzibeba, hapo ndo unahitaji gunia kubwa kwa sababu mchele upo. Njia hiyo siyo mpya, Paul Debevec na Jitendra Malik waliieleza vizuri mwaka 1997, na leo programu ya darktable inafanya bure, unachagua RAW zako inakutolea DNG moja ya HDR. Nilipovuta kivuli cha Isimila juu, udongo ukatoka na rangi yake, ile nyekundu inayoelekea kahawia, na hata alama za maji yalipopita. Nilikaa naiangalia muda mrefu.

Ila na hapo kuna masharti. Kitu kisitembee. Nyanda zetu hizi upepo ni mwingi, majani ya migomba ya Rungwe hayatulii, ukiunganisha picha tatu unapata jani lenye mizimu mitatu. Mawingu yanayopita Loleza vile vile. Na harusi sahau kabisa, hutamwambia bibi arusi ganda nipige tatu. Halafu siku ya ukungu Tukuyu, ile ya mwezi wa sita ambayo huoni hata nyumba ya pili, mwanga wote umelala katikati ya histogramu (ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza na mwanga wa picha), hamna cheupe sana wala cheusi sana, hapo RAW moja inatosha na inabaki.

Turudi kwa hoja ya mzee kuhusu simu. Kwa picha ya kuchapisha yuko sahihi kabisa, karatasi haitoi mwanga, albamu haitakuwa HDR hata ufanyeje. Lakini kwa simu mambo yamebadilika na nadhani hapo mzee hajaangalia. Android 14 ya mwaka 2023 imekuja na Ultra HDR, ni JPEG ya kawaida iliyobeba ndani yake ramani ndogo inayoiambia skrini sehemu gani iongezwe mwanga. Simu ya kawaida inaonyesha JPEG kama kawaida, simu yenye skrini nzuri inawasha jua liwe jua. Nilimwonyesha machweo ya juu ya bonde la Usangu kwenye simu ya namna hiyo, yeye mwenyewe alirudisha kichwa nyuma. Tatizo ni safari ya kufika pale, maana picha ukiituma WhatsApp kama picha inabanwa upya, inabidi uitume kama dokumenti, na wateja wengi hawajui hilo mpaka uwaambie.

Na kuna kundi lingine halikuwepo kwenye ubishi ule kabisa, wachoraji wa majengo. Mtu anachora nyumba ya kiwanja cha Uyole anataka aione chini ya mwanga wa Uyole, huyo anahitaji picha ya mzunguko mzima ikiwa EXR au Radiance, kwa sababu programu yake inatumia zile namba kama taa. JPEG kwake haina kazi, jua na ukuta mweupe vyote vitakuwa 255, namba ya juu kabisa ya JPEG, na kivuli cha nyumba kitatoka legelege.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, RAW ndo inatunzwa, HDR inatengenezwa pale ambapo kuna eksposha zaidi ya moja au pale anayeipokea ana matumizi nayo. Na ukiitengeneza, angalia programu isiwe imeshapitisha ile kurva yake ya kupendezesha mwanga, inayofinya namba zote zisizidi 1, kabla ya kuekspoti, maana nimeshakutana na EXR za watu ambazo namba kubwa kabisa ndani ni 1. Jina ni HDR, kilichomo ni JPEG iliyonenepa.

Nilimwomba yule kijana tufungue moja ya kwake tuone. Tukapeleka kishale cha kompyuta kwenye taa ya ukumbini, 1. Kwenye dirisha, 1. Kwenye gauni, 1. Akanyamaza. Harusi tatu ameshafuta RAW zake, ila mbili kati ya hizo memori kadi bado hajazifomati, ziko kwenye droo nyumbani kwake Soweto. Nimemwambia asizitie kwenye kamera mpaka Jumamosi nipite na hard diski yangu tuzinakili.