Siku Wenye Sukari Walipokosa Sukari

Hakuna msumbufu kama mtu aliyeacha sukari juzi. Mlevi aliyeokoka ana nafuu, maana yeye anakushuhudia halafu anakwenda zake. Mimi nilikuwa nashuhudia huku nachungulia kikombe chako.

Yote yalianza daktari aliponiambia kipimo changu kimeanza kupanda. Bado sijaingia kwenye kisukari, akasema, lakini njia nimeshaishika. Nikatoka pale na karatasi moja ya maelekezo, na kufikia jioni nilikuwa bingwa. Nilijua kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Nilijua biskuti iliyoandikwa "bila sukari" inaweza kuwa unga mweupe mtupu, na unga huo ukishafika tumboni unageuka kuwa sukari vilevile. Maandishi ya nyuma ya pakiti nikawa nayasoma kama Zaburi, taratibu, kidole kikifuata mstari.

Kwa bahati mbaya, nilikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya viburudisho kanisani.

Benchi la wazee wetu lina sukari, karibu lote. Na kila kikao tulikuwa tunawalisha keki, biskuti, soda na chai ambayo kijiko kinasimama chenyewe. Nikaona hii ni dhambi, tena dhambi ya kamati yangu. Ilipofika semina ya wazee, Jumamosi ya kuamkia Meza ya Bwana, nikafanya mapinduzi.

Meza nilipanga tangu alfajiri. Mayai ya kuchemsha yaliyokatwa katikati, yametazama juu. Matango duara duara, karoti vijiti, jibini vipande vya mraba, karanga zisizo na chumvi, mtindi ambao haujaguswa na asali. Soda zote zile zisizo na sukari. Kwenye chai nikaweka kile kikopo cha vidonge vya utamu, vinavyodondoka kimoja kimoja ukibonyeza. Bakuli la sukari la jikoni nikalibeba nikalipeleka nyumbani, pamoja na pakiti iliyokuwa kabatini, ili Shetani asipate pa kukanyaga. Hata yule mama ambaye mkoba wake haujawahi kukosa peremende tangu mimi niko shule ya Jumapili, nilikuwa nimemfikia wiki moja kabla. Nikamshawishi anunue za bila sukari. Akanunua, maskini, kwa utii.

Wa kwanza kufika mezani alikuwa Mzee Mhazini. Nikamwamkia, akaitikia, macho yakiwa kwenye sinia. Akachukua tango moja, akaliinua usawa wa dirisha, akanitazama kupitia kwenye lile tango.

"Mwanangu, hii ni sala ya kufungulia. Chakula chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hicho, mzee wangu. Ni kwa ajili ya afya yenu."

Akala matango mawili, akanywa chai nusu kikombe, akaenda kukaa. Mimi nikafurahi. Ambacho sikukijua ni kwamba mzee alikuwa amemeza kidonge chake asubuhi bila kula kitu, kwa sababu miaka yote akija kanisani anajua atakuta keki. Na dawa yake ni ya aina ile inayoliamuru kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Kongosho likishapewa amri halikuulizi kama umekula au umeimba tenzi.

Chakula cha mchana kilikuwa kije saa saba. Saa saba wazee walikuwa wanajadili rangi ya kupaka ukuta wa kanisa. Saa saba na nusu walikuwa wamekubaliana kuwa ni nyeupe, lakini wakagawanyika nyeupe ipi. Saa nane kasoro mtu mmoja akaomba turudi nyuma tujadili kama ukuta unahitaji rangi.

Sasa, Mhazini wetu ni mtu ambaye hajawahi kuidhinisha matumizi bila kupigana. Umshawishi anunue mafagio mapya, utakwenda vikao vitatu. Siku hiyo akiwa ameinamia daftari lake, jasho linamtiririka na kalamu inamtetemeka mkononi, akasema kwa sauti ndogo:

"Nunueni tu."

Ukumbi ukanyamaza.

"Nunueni zote mbili," akaongeza.

Hapo ndipo tulipojua mzee anaumwa.

Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi chumba cha pili, na mmoja wa sauti ya pili ni muuguzi. Akaitwa, akaja mbio. Mkewe Mhazini akatoa mashine ya kupimia kwenye mkoba, kidole kikatobolewa, tone likawekwa. 3.1.

"Imeshuka. Chini ya 4 hatukai," akasema muuguzi. "Anaweza kumeza vizuri, tumshukuru Mungu. Leteni sukari, upesi."

Mzee mmoja wa nyuma akasimama. "Samahani, dada. Si huyu ana sukari?"

"Ana sukari, ndiyo. Ndiyo maana anahitaji sukari."

"Sasa anayo au hana?"

"Mzee wangu, anayo lakini imeisha! Sukari iko wapi?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Kuna ukimya wa ibada, na kuna ukimya wa namna ile.

Nikashika bakuli la karanga nikamkimbilia. Muuguzi akanizuia kwa kiganja. Karanga zina mafuta na protini, zitachelewa kupanda, na sisi tunataka kitu cha kuingia kwenye damu sasa hivi. Jibini? Vilevile. Yai? Hakunijibu. Mtu akafungua soda, pshhh, ikapewa muuguzi, akaigeuza chupa akasoma. Sukari gramu 0. Akaiweka chini polepole, kama mtu anayejizuia. Yule mama akamimina mkoba wake wote kwenye meza, peremende zikatawanyika, nyekundu, kijani, njano. Muuguzi akaokota moja, akasoma karatasi yake: maltitoli, kile kitamu cha badala ya sukari. Hiyo nayo tumboni inasuasua, akasema.

"Hivi vidonge vya chai je?" akauliza mtu mwenye nia njema. "Tukimpa 10?"

"Hata akimeza kopo zima. Vinaudanganya ulimi tu, damu haidanganyiki."

Nikawaza kukimbia nyumbani kuchukua lile bakuli. Gari alikuwa nalo mume wangu. Mimi binafsi mwendo wangu wa kukimbia unajulikana.

Ndipo kijana mmoja wa kwaya akasema, akiwa amejificha nusu nyuma ya mlango: "Na ile ya kesho?"

Ile ya kesho ilikuwa juisi ya zabibu ya Meza ya Bwana. Shemasi, kwa bidii yake, alikuwa ameshaimimina kwenye vile vikombe vidogo, trei juu ya trei, kwenye friji ya ofisini, imefunikwa kitambaa cheupe. Na shemasi ndiye mwenye ufunguo. Akausimamia ule ufunguo kama kerubi wa Edeni.

"Hiyo si ya kunywa."

"Imebarikiwa?" akauliza muuguzi.

"Bado."

"Basi ni juisi."

Shemasi akamtazama mchungaji. Mchungaji akakuna kichwa kidogo, akasema Daudi alipokuwa na njaa alikula mikate ya wonyesho, na ile ilikuwa imewekwa wakfu kabisa. Ufunguo ukatoka.

Kikombe kimoja kinaingia kama mililita 10. Muuguzi akapiga hesabu hewani: anahitaji sukari kama gramu 15, kwa hiyo vikombe 12 hivi. Mtu akanong'ona, "Kimoja kwa kila kabila." Tukaanza kumpokeza. Na mzee, kwa mazoea ya miaka yote, kila akipokea kikombe anafumba macho, anainamisha kichwa, anatulia kidogo, ndipo anakunywa.

"Mzee, kunywa tu!"

"Naam," anasema, anafumba tena.

Kufika kikombe cha 7 mchungaji naye akawa anaitikia "Amina" bila kujijua.

Tukasubiri dakika 15, kama muuguzi alivyotaka. Ndizo alizozitumia kunishughulikia mimi. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaniambia mayai na karanga havina kosa, matango hayana kosa. Kosa ni kuondoa kila kitu chenye wanga bila kumuuliza mtu anatumia dawa gani na amekula saa ngapi. Ungeweka matunda mazima. Ungeweka mkate wa unga usiokobolewa, vipande vidogo, upakwe siagi ya karanga. Na popote penye watu wanaomeza dawa hizo au kujidunga insulini, pawe na sukari ya kweli mahali inapoonekana. Nikawa naitikia "ndiyo, dada," nikiwa nimeshika sahani ya karoti, kwa sababu sikujua niiweke wapi.

Dakika zikatimia. Kidole kikatobolewa, tone likawekwa, sote tukainamia ile mashine.

23.4.

Mkewe akapiga yowe. "Mmemuua mume wangu kwa Meza ya Bwana!"

"Nilisema mimi!" akasema shemasi. "Nilisema!" Mtu akaanzisha maombi kwa sauti, mwingine akaanzisha wimbo usiohusiana, na yule mzee wa nyuma akasimama tena kuuliza kama sasa anayo. Mimi miguu iliniishia, nikakaa juu ya kiti chenye mtindi.

Peke yake aliyetulia ni Mhazini. "Mbona mimi najisikia vizuri?" akauliza.

Muuguzi akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa cha zambarau. Vidole vyote vilikuwa vya zambarau, maana mzee mwenye mikono inayotetemeka akinywa vikombe 12 vilivyojaa hadi ukingoni, robo inaishia mkononi. Tulikuwa tumepima zabibu.

Akapelekwa bombani. Maji, sabuni, kitambaa kikavu. Kidole kingine, tone jingine. 5.6.

Watu wakapiga makofi. Chakula cha mchana nacho kikawa kimefika, mzee akapakuliwa wa kwanza, akala kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa umri wake. Alipomaliza akafuta mdomo, akavaa miwani, akavuta daftari lake la hesabu. Akasoma ukurasa. Akarudi juu akasoma tena, uso ukikunjamana.

"Samahani, ndugu zangu," akasema, kalamu ikiwa imara mkononi. "Rangi makopo ya aina mbili. Nani ameidhinisha upuuzi huu?"