Nyaraka za libcurl zilisema kweli, watu wakakosea vilevile

Oktoba 2012, watafiti wa vyuo vikuu vya Texas na Stanford walionyesha kwamba baadhi ya programu za malipo zilizotumia libcurl, maktaba huria ya msimbo inayoziwezesha programu kuwasiliana na seva, hazikuwa zikihakiki jina la seva. Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa lugha ya programu ya PHP:

curl_setopt($ch, CURLOPT_SSL_VERIFYHOST, true);

Ukiusoma unaona ulinzi umewashwa. Lakini PHP huigeuza true kuwa 1, na chaguo hili halikuwa la ndiyo au hapana. Lilikuwa na ngazi tatu: 0 haikagui jina, 1 iliangalia tu kama cheti (hati ya kidijitali ya kuitambulisha seva) kina jina, lolote lile, 2 ndiyo iliyolinganisha jina hilo na la seva. Mwenye cheti halali cha tovuti yake mwenyewe aliweza kukaa katikati ya mawasiliano na cheti chake kikapita. Kibaya zaidi, thamani ya kawaida ilikuwa 2, kwa hiyo asiyeugusa mpangilio huo alikuwa salama kuliko aliyeuandika.

Watunzaji wa libcurl wana hoja: ukurasa wa mwongozo ulizieleza ngazi zote tatu. Wengi wao wanajitolea, na kuwabebesha lawama kwa ajili ya mtu ambaye hakuufungua ukurasa ni kuwaonea. Hata sisi watumiaji tuna deni. Katika utafiti wa 2017 wa GitHub, jukwaa la kuhifadhi na kushirikiana msimbo, 93% ya waliohojiwa walisema wamekutana na nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati, ilhali 60% ya wachangiaji walisema huchangia nyaraka kwa nadra au hawachangii kabisa.

Hata hivyo, naona hoja ya upande wa pili, kwamba muundo wa chaguo na nyaraka zake ulichangia kosa, ni nzito zaidi. Chaguo pacha, CURLOPT_SSL_VERIFYPEER, hupokea 0 na 1 tu. Aliyekwisha kulizoea hilo ana sababu gani ya kudhani jirani yake ana ngazi tatu? Maelezo sahihi yaliyo aya kadhaa chini hayamfikii anayenakili mfano. Thamani sahihi ilipaswa kuonekana ndani ya mfano wenyewe, na onyo likae mstari wa juu yake.

Na kuna mahali nyaraka hazifiki. Hapo ni libcurl yenyewe iliyobadilika. Toleo lake la 7.28.1, Novemba 2012, lilianza kuikataa 1: lilirudisha kosa na kuacha thamani iliyokuwepo. Hata programu ambayo haikuangalia kosa hilo ilibaki kwenye 2. Toleo la 7.66.0 la 2019 likaifanya 1 iwe sawa na 2, na mtego ukaisha.

Wapo wanaosema dawa ni kuendesha mifano yote ya nyaraka kila toleo linapotoka, kwa zana kama doctest ya lugha ya Python, inayoendesha mifano hiyo na kulinganisha matokeo. Inasaidia sana pale kitendakazi kinapoondolewa au kubadilishwa jina. Hapa isingeona kitu, kwa sababu mstari ule uliendeshwa bila kosa na seva ikajibu. Mfano unaohusu usalama unahitaji jaribio la pili: seva ya majaribio yenye cheti halali cha jina jingine, na jaribio lihesabiwe limefaulu pale tu muunganisho unapokataliwa.