Video ya Kufundishia Skrini Iwe Rahisi Kuitupa

Watu wakiniuliza ni programu gani nzuri ya kurekodi skrini kwa ajili ya mafunzo, huwa nawauliza kwanza: hiyo video ikipitwa na wakati, nani ataitengeneza upya? Wengi hawajalifikiria hilo. Wanataka watajiwe jina la programu, wailipie, waanze kazi.

Adui mkubwa wa video inayofundisha programu ni programu yenyewe. Leo kitufe cha kuhifadhi kiko juu kulia. Linatoka toleo jipya, kitufe kimehamia kwenye menyu ya pembeni na jina kimebadilishiwa. Mwanafunzi anatazama video, haoni kinachofanana na kilicho mbele yake, anadhani amekosea yeye. Na video haiondolewi, kwa sababu ilitengenezwa kwa jasho. Ina muziki wa kufungulia, nembo inayozunguka, mishale ya rangi tatu. Nani akubali kutupa kazi ya wiki nzima kisa kitufe kimoja? Basi inaachwa palepale, na chini yake mtu anaongeza maelezo kwamba siku hizi ubonyeze upande mwingine.

Ndiyo maana nasema video ya namna hii iwe nyepesi kiasi kwamba kuirekodi upya kunakuwa rahisi kuliko kuirekebisha. Ukilikubali hilo, hata vigezo vya kuchagua programu vinabadilika.

Pengine huhitaji kununua chochote. Snipping Tool ya Windows 11, ambayo wengi wanaijua kwa kupiga picha za skrini, siku hizi inarekodi na video. Kwenye Mac, tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, unabonyeza Shift, Command na 5 kwa pamoja, unachagua eneo, unaanza. iPhone zilipata uwezo huo na iOS 11 mwaka 2017, na Android ikaupata rasmi katika toleo la 11 mwaka 2020. Zana hizi hazina mbwembwe, na mimi nazipendea hapohapo: hazikupi nafasi ya kupoteza siku nzima ukipamba.

Camtasia, programu ya kulipia ya kurekodi skrini na kuhariri video, ni nzuri, sibishani na wanaoisifu. Anayetengeneza kozi ya kuuza, juu ya jambo lisilobadilika kila mwezi, ana sababu ya kuilipia. Ila kwa maelekezo ya kumwonyesha mfanyakazi mgeni jinsi ya kujaza fomu ya likizo, ni nguvu nyingi mno.

OBS Studio nayo ni ya bure, ni ya chanzo huria, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Sura yake inatisha mara ya kwanza kwa sababu imeundwa kumhudumia pia anayerusha matangazo ya moja kwa moja, siyo anayerekodi tu. Vumilia. Ndani yake kuna jambo dogo ambalo limeokoa kazi za wengi, nalo ni aina ya faili. MP4 ya kawaida huandikiwa mwishoni, wakati wa kufungwa, ile orodha inayoiwezesha kuchezwa. Umeme ukikatika katikati, au kompyuta ikiganda, unabaki na faili kubwa lisilofunguka. MKV, aina nyingine ya faili la video, haina udhaifu huo. Kilichorekodiwa hadi dakika ya ajali unakikuta. Kwa hiyo rekodi kwa MKV, kisha ndani ya OBS hiyohiyo uigeuze kuwa MP4. Ubora haupungui, maana picha na sauti zinahamishwa tu kwenye chombo kingine bila kusindikwa upya.

Loom imejijengea jina kwa kitu kimoja: unarekodi, ukimaliza unapewa kiungo cha kumtumia mtu. Kampuni ya programu ya Atlassian iliinunua mwaka 2023 kwa kiasi cha dola milioni 975, kwa hiyo urahisi huo una thamani yake sokoni. Kumbuka tu kwamba video zako zinakaa kwenye seva za wengine. Kama zinaonyesha mifumo ya ndani ya taasisi, uliza kwanza.

Sasa urefu. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mara milioni 6.9 za watu kutazama video kwenye kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakaona kwamba mvuto wa watazamaji unaanguka video ikizidi dakika sita. Hizo zilikuwa video za kozi. Kwa kuonyesha kazi moja kwenye skrini, mimi naona hata sita ni nyingi. Mtazamaji amekuja na shida moja, programu iko wazi pembeni, anataka kuondoka. Video moja ibebe kazi moja. Programu ikibadilika, unabadilisha kipande kimoja na vingine havikuhusu.

Kinachoharibu video nyingi, kwa macho yangu, ni mkono na mdomo wa anayeeleza. Tazama kishale: kinazunguka juu ya kila neno analotamka, kinaenda kulia, kinarudi, kinatetemeka juu ya kitufe bila kukibonyeza, halafu ghafla menyu imefunguka na kufungwa kabla hujajua kimebonyezwa nini. Mdomo nao unasema "bonyeza hapa, halafu hapa". Hapa wapi? Anayetazama kwa simu haoni, na asiyeona kabisa ndiyo kaachwa. Taja jina la kitufe na mahali kilipo: "bonyeza Hifadhi, chini kulia." Kisha ondoa mkono kwenye kipanya unapoeleza.

Maandishi nayo hukosa kusomeka kwa sababu mrekodi ana kioo kikubwa cha 4K, chenye nukta nyingi mno, na mtazamaji ana simu. Punguza skrini iwe 1920 kwa 1080, na kivinjari ukikuze hadi asilimia 150. Kwenye Windows kuna ZoomIt, ya bure kutoka Sysinternals, mkusanyiko wa zana za Microsoft: Ctrl na 1 inakuza, Ctrl na 2 inakuruhusu kuchora juu ya skrini. Hiyo inatosha kuchukua nafasi ya mishale yote ya rangi.

Sauti: maikrofoni iwe karibu na mdomo, feni izimwe. Picha hafifu watu huivumilia, sauti mbovu hapana.

Kuna la siri pia. Ujumbe wa mpenzi kuchungulia pembeni ya skrini ni aibu inayopita; majina na namba za wateja halisi ni kosa zito zaidi. Fungua akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye kompyuta yako, isiyo na barua pepe wala historia ya kivinjari, ujaze data za kubuni, urekodi humo. Usitegemee ukungu au vigae vya kuhariri, kwa sababu namba zilizogeuzwa vigae zimewahi kusomwa upya na wenye ujuzi. Ukilazimika kuficha kitu, kifunike kwa kisanduku cheusi tii.

Na zipo kazi ambazo zisirekodiwe kabisa, bali zielezwe kwa maandishi na picha. Windows, tangu toleo la 7, ilikuwa na Steps Recorder, iliyopiga picha kila unapobofya na kuandika hatua zenyewe kwa maneno. Microsoft wakatangaza kuiacha, nami naona wamekosea. Amri za kuchapa ndizo haswa hazifai kuwekwa kwenye video. Mtazamaji hawezi kuzinakili, kwa hiyo anachapa huku akisimamisha kila baada ya herufi chache, na akikosea nukta moja anarudi mwanzo. Ziweke kwenye maandishi, chini ya video, azinakili na kuzibandika.