Sikusalisha Chooni, Nilivua Viatu Tu

Kwanza tuwekane sawa. Aliyerusha ile klipu kwenye grupu anasema nimesalisha watu chooni Kizimkazi, kijijini huko kusini mwa Unguja. Mwongo mkubwa. Sikusalisha. Nilivua viatu tu.

Mama mkwe mtarajiwa kaja kutoka Tabora, yeye na baba mdogo wa mchumba wangu. Mchumba kanionya mapema: mpeleke mama pwani, mpe dafu, mrudishe. Mimi mtoto wa Kikwajuni nimpe mgeni dafu tu? Usiku kucha nasoma. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, maandishi ya Kikufi, ile hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla, mwaka 500 wa Hijria, ndiyo 1107 hiyo, mtindo wa Siraf huko Uajemi. Nimehifadhi kama Juzuu Amma.

Nilichoruka ni kimoja: msikiti wenyewe umeezekwa bati. Kwa nje ni jengo kama majengo mengine. Mimi kichwani nina gofu, kuta za matumbawe zimeota majani, paa hakuna.

Na gofu nikaliona. "Simamisha gari!"

Nikavua viatu, wageni wakavua, mama mkwe akajitanda mtandio vizuri. Tukaingia kwa mguu wa kulia. Nikaweka kiganja ukutani polepole, nikatoa ile sauti ya redioni: "Mama, hapa unagusa miaka mia tisa." Mama akagusa. Mbele yetu kuna kishubaka. "Na hiki ndicho kibla." Pembeni yake mistari myeusi, imesimama imepangana. "Na hiki, Kikufi." Baba mdogo akapiga picha tatu.

(Msicheke bado. Anayekijua Kikufi kati yenu anyooshe mkono. Nilidhani.)

Mama mkwe kaguswa, akasema tuwasomee Fatiha wazee waliojenga. Tukanyanyua mikono. Hapo ndipo kidole gumba changu cha mguu kikahisi ukingo. Nikachungulia chini bila kuinamisha kichwa. Tundu. Limezibwa kwa makumbi ya nazi. Nikajiambia kisima cha kutawadhia hicho. Walladhaalin.

"Amin," tukasema.

"Amin," ikaitikia sauti nyuma yetu.

Mzee, pakacha begani, katusubiri kwa adabu tumalize. Shikamoo, marahaba. "Mnamrehemu nani, wanangu?"

"Aliyejenga hapa, mzee."

"Aliyejenga ni mimi."

Kimya. Kuku akapita.

"Nilikijenga mwaka 1984. Baadaye tukahamia cha ndani." Akatazama ile Kikufi yangu. "Hizo hesabu zangu za nazi, mstari mmoja mia moja. Na hapo tukiweka sabuni." Kisha akakitazama kishubaka, akaitazama bahari kule kinakoelekea, akanigeukia kwa huruma kabisa: "Kwani siku hizi nyinyi wa Mjini mnasali kuelekea Dar es Salaam?"

Sisi Unguja kibla ni kaskazini. Nakijua tangu chuo cha Kurani. Nilikuwa nimekipa mgongo.

Baba mdogo akakaa chini kwa kucheka. Kwenye choo. Mama mkwe hakucheka, akavaa viatu vyake kimoja kimoja huku ananitazama mimi, sijui kwa nini buckle ya kiatu inachukua muda mrefu hivyo.

Mengine haraka haraka. Mzee katupeleka msikitini, ni mwendo wa dakika tatu, tuliupita kwa gari. Kibla cha kweli kimechongwa kwenye matumbawe, herufi zimeshikana kama ususi, unasahau kwamba sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Maelezo yote mama kamwuliza mzee. Mimi nilishika viatu vya watu.

Wakati wa kuagana mzee kanibana mkono. "Ukiwa na wageni wengine, nipigie mapema. Nitafagia."