Ushirika wa kambini hupimwa wakati wa kula
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa ameeleza vizuri jinsi kambi ya Kikristo inavyowakutanisha wenye mali na wasio nacho chini ya turubai moja, lakini naona amepita haraka mno kwenye suala la chakula, ambako ndiko ushirika hupimwa kweli. Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, hakuwakemea kwa kutokusanyika. Aliwakemea kwa sababu walipokutana kula, wengine walilewa huku wenzao wakibaki na njaa, na wasio na kitu wakatahayarishwa. Jambo hilo hurudi kambini kila wenye uwezo wanapojitenga kula peke yao, hata kama asubuhi wameimba pamoja na wote. Niliwahi kumwona mama mmoja amekaa mbali na foleni ya chakula kwa sababu mchango wake haukutimia (naumia hadi leo nikikumbuka), na hakuna aliyemwita. Nawasihi waandaaji wapokee michango kwa siri, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, kisha sufuria iwe moja na zamu za kuosha vyombo zipangwe bila kuangalia cheo wala mavazi.